Kuulinda Uzani Baada ya Mlo wa Kujinyima

Iwe uko jikoni, dukani ukingoja wateja, au ndani ya matatu ukirejea nyumbani, tega sikio kwa muda huu mfupi tulio nao. Na ikiwa una rafiki au jirani anayehangaika na uzani wake, mwite msikilize pamoja.

Mara nyingi tukitaja unene tunazungumza juu ya namna ya kupunguza uzani. Leo tutazungumza juu ya kinachofuata baada ya hapo, jambo ambalo ni gumu zaidi na ambalo halipewi nafasi ya kutosha. Swali letu ni hili: mtu akishajinyima chakula kwa wiki sita au miezi mitatu, akapunguza kilo 8 au 10, afanye nini ili kilo hizo zisirudi?

Tunaposema mlo wa kujinyima tuna maana ya ule mpango mkali ambao mtu huufuata kwa muda maalum. Wako wanaokunywa supu ya kabeji tu wiki nzima. Wako wanaoacha kabisa ugali, wali, chapati na viazi. Wako wanaokula mara moja kwa siku, na wako wanaokunywa unga maalum uliokorogwa badala ya chakula. Aghalabu huwa kuna tarehe mbele yao: harusi, mahafali, au daktari amesema, "Rudi baada ya miezi mitatu tuone sukari imefika wapi." Tarehe hiyo ikipita, mtu husema, "Nashukuru, nimemaliza," na kurudi kwenye sahani yake ya zamani. Mwaka ukiisha, zile nguo alizompelekea fundi azipunguze zinambana tena.

Kwa nini jambo hili ni la maana

Msikilizaji, unene si tatizo la watu wachache tena hapa Kenya. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2008-2009 ulionyesha kwamba wanawake 25 katika kila 100 walikuwa na uzani uliopita kiasi. Mwaka 2014 walikuwa 33 katika kila 100. Mwaka 2022 walikuwa wamefika 45 katika kila 100 miongoni mwa wanawake watu wazima. Wanaume wako chini ya kiwango hicho, lakini nao si salama.

Pamoja na uzani huo huja shinikizo la damu, ugonjwa wa kisukari, maumivu ya magoti na mgongo, na ugonjwa wa moyo. Habari njema ni kwamba si lazima mtu awe mwembamba ndipo afya yake irudi. Mwenye kilo 90 akipunguza kilo 5 hadi 9 tu, mara nyingi shinikizo na sukari huteremka. Habari isiyo njema ni kwamba kilo hizo zikirudi, magonjwa hayo nayo hurudi, tena kimyakimya. Shinikizo la damu halipigi hodi. Mtu aliyepunguziwa dawa kwa sababu alikonda anaweza kunenepa tena, shinikizo likapanda bila yeye kuhisi lolote, na siku ya kwanza kulisikia ikawa ni siku ya kiharusi. Kwa hiyo tunazungumza juu ya uhai wa mtu, si juu ya umbo lake tu.

Sababu zinazofanya uzani urudi

Watu wengi hudhani kwamba aliyenenepa tena ni mlafi au mvivu. Mwenyewe pia hujidhania hivyo, akaona aibu, akaacha hata kwenda kliniki. Hebu tuangalie kinachotendeka ndani ya mwili.

Sababu ya kwanza ni maji. Mwili huweka akiba ya wanga katika ini na misuli, na kila gramu 1 ya akiba hiyo hukaa pamoja na takriban gramu 3 za maji. Unapoacha ugali na vyakula vingine vya wanga, akiba hiyo hutumika na maji yake hutoka kwa mkojo. Ndiyo sababu katika wiki ya kwanza mizani inaweza kuonyesha kwamba kilo 2 zimekwenda. Nyingi ya hizo ni maji. Siku utakayorudia ugali, akiba itajaa na maji yatarudi, na katika siku chache unaweza kuona kilo 1 au 2 zimeongezeka. Hapa ndipo wengi hukata tamaa wakasema, "Sasa si basi, wacha nile." Kumbe hawajaongeza mafuta. Ni maji yamerudi mahali pake.

Sababu ya pili ni njaa. Mafuta yaliyo mwilini hutoa homoni iitwayo leptini, ambayo kazi yake ni kuuarifu ubongo kwamba akiba ipo. Tumbo nalo hutoa homoni iitwayo grelini, ambayo huita chakula. Mafuta yakipungua, leptini hupungua na grelini huongezeka, na mtu huhisi njaa kuliko alivyokuwa kabla ya kukonda. Mwaka 2011, watafiti wa Melbourne, Australia, walitangaza matokeo ya watu wanene waliofuata mlo mkali sana kwa wiki 10. Mwaka mmoja baadaye homoni zao zilikuwa bado hazijarudi zilivyokuwa, na bado walikuwa na njaa zaidi kuliko mwanzo. Mwaka mzima, msikilizaji!

Jambo hili lilionekana hata zamani. Kati ya mwaka 1944 na 1945, Daktari Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, aliwachukua vijana 36 wenye afya njema, waliojitolea wenyewe, akawapa chakula nusu kwa wiki 24. Walipoteza karibu robo ya uzani wao. Waliporuhusiwa kula tena, baadhi yao walikula hadi wakaugua, na bado walilalamika kwamba wana njaa. Hawa hawakuwa walafi. Walikuwa vijana wa kawaida ambao miili yao ilikuwa imepata habari ya ukame.

Sababu ya tatu ni matumizi ya nguvu. Mwili unaponyimwa, hujifunza kubana matumizi, sawa na familia inavyofanya mshahara unapopunguzwa. Marekani kulikuwa na mashindano ya televisheni ambapo watu wanene sana walishindana kupunguza uzani kwa kula kidogo na kufanya mazoezi makali. Watafiti wa serikali ya nchi hiyo wakiongozwa na Kevin Hall waliwafuatilia 14 kati yao, na mwaka 2016 wakatoa matokeo. Kwa wastani walikuwa wamepunguza kilo 58 wakati wa mashindano. Miaka 6 baadaye, kilo 41 kati ya hizo zilikuwa zimerudi. Tena miili yao ilikuwa ikitumia takriban kalori 500 kwa siku chini ya ile inayotarajiwa kwa watu wa kimo na uzani wao. Hizo ni kama chapati mbili. Maana yake ni kwamba mtu aliyekonda kwa haraka anaweza kula sawasawa na jirani yake wa umbo lile lile, jirani abaki alivyo, na yeye anenepe.

Sababu ya nne ni misuli. Mtu akikonda upesi bila kula protini ya kutosha na bila kufanya kazi ya misuli, hapotezi mafuta peke yake. Hupoteza na misuli pia, nayo huchoma nguvu kuliko mafuta hata ukiwa umekaa. Uzani unaporudi haraka, sehemu kubwa yake hurudi kama mafuta. Ndipo mtu aliyejinyima mara tatu, nne, akanenepa kila mara, anaweza kujikuta ana uzani ule ule wa zamani lakini mwili dhaifu zaidi.

Kwa hivyo, msikilizaji, lishike neno hili. Ukimaliza mlo wa kujinyima na uzani ukaanza kurudi, huo si ushahidi kwamba wewe huna msimamo. Ni mwili unaojitetea. Lakini kwa kuwa sasa unajua kwamba utajitetea, huna budi kujiandaa. Mlo wowote mkali ni lazima uwe na mlango wa kutokea, na mlango huo unapangwa kabla ya kuingia.

Waliofaulu walifanyaje?

Yako mafunzo mazuri kutoka Uingereza. Huko, Profesa Mike Lean wa Glasgow na Profesa Roy Taylor wa Newcastle waliongoza utafiti wa watu karibu 300 wenye kisukari cha aina ya pili. Nusu yao walipewa mlo mkali wa kalori 825 hadi 853 kwa siku kwa miezi 3 hadi 5. Baada ya hapo hawakuambiwa, "Haya, nendeni mkale." Chakula cha kawaida kilirudishwa hatua kwa hatua kwa muda wa wiki 2 hadi 8, kisha wakaendelea kuonana na mhudumu wa afya kila mwezi. Mwaka mmoja baada ya kuanza, 46 katika kila 100 sukari yao ilikuwa imeshuka chini ya kiwango cha kisukari bila dawa. Baada ya miaka miwili walikuwa 36 katika kila 100. Na waliodumu katika hali hiyo kwa sehemu kubwa ni wale ambao kilo zao hazikurudi.

Kule Marekani nako kuna daftari la kitaifa lililoanzishwa mwaka 1994 ili kuandikisha watu waliopunguza angalau kilo 13 na nusu na kuzizuia kurudi kwa mwaka mmoja au zaidi. Zaidi ya watu 10,000 wamejiandikisha. Walipunguza kwa njia mbalimbali, lakini namna wanavyoulinda uzani wao inafanana. Wengi wao hula chakula cha asubuhi kila siku. Robo tatu yao hujipima angalau mara moja kwa wiki. Wengi hutazama televisheni chini ya saa 10 kwa wiki. Na tisa katika kila kumi hufanya mazoezi, kwa wastani kama saa moja kwa siku, na zoezi lao kubwa ni kutembea tu.

Sasa tuyalete haya nyumbani kwetu.

Hatua ya kwanza: toka polepole

Usimalize mlo wa kujinyima Ijumaa na kwenda kwenye nyama choma na chipsi Jumamosi. Jipe wiki 4 hadi 8 za kutoka. Katika wiki mbili za kwanza rudisha mlo mmoja kamili, kwa mfano chakula cha asubuhi: yai moja la kuchemsha na kipande cha nduma au kiazi kitamu, na chai isiyo na sukari. Wiki mbili zinazofuata rudisha chakula cha mchana. Kisha cha jioni. Kila unapoongeza mlo, tazama uzani kabla ya kuongeza mwingine. Na ukiona zile kilo 1 au 2 za maji, usishtuke.

Hatua ya pili: jenga sahani ya kudumu

Mlo wa kujinyima una mwisho, lakini sahani ya kila siku haina mwisho. Igawe sahani yako hivi. Nusu iwe mboga: sukuma wiki, kabeji, terere, managu, kunde au mchicha. Robo iwe chakula cha kujenga mwili, kama maharagwe, ndengu, mayai, samaki, omena, kuku au nyama isiyo na mafuta. Robo inayobaki iwe ugali, wali, viazi, ndizi au chapati moja. Huna haja ya kuuaga ugali maisha yako yote. Mtu aliyelelewa kwa ugali akiapa kuuacha, kiapo hicho hakifiki mbali. Lakini ugali ukubali kukaa kwenye robo yake.

Ukipika githeri, zidisha maharagwe kuliko mahindi na utie mboga. Vyakula vya kujenga mwili na mboga hukaa tumboni kwa muda, na ile njaa tuliyoitaja hutulia kidogo. Mafuta ya kupikia yapime kwa kijiko, usimimine kutoka kwenye mkebe, kwa sababu kijiko kimoja cha mezani kina takriban kalori 120.

Yatazame pia unayokunywa. Ukinywa vikombe 4 vya chai kwa siku, kila kimoja vijiko 2 vya sukari, hivyo ni vijiko 8 kwa siku na 56 kwa wiki. Soda moja ya kawaida ya mililita 300 ina takriban gramu 30 za sukari, yaani vijiko 7 au 8 vya chai. Baadhi ya walioshindwa kulinda uzani hawakushindwa na sahani. Walishindwa na kikombe na chupa. Punguza kijiko kimoja kila wiki, na ulimi utazoea.

Hatua ya tatu: jipime, na uweke mstari

Jipime mara moja kwa wiki, siku moja maalum, asubuhi, kabla ya kula na baada ya kwenda haja. Kama huna mizani, nenda duka la dawa au kituo cha afya kilicho karibu. Ukikosa kabisa, tumia utepe wa fundi kupima kiuno, au chagua nguo moja isiyovutika uwe unaijaribu.

Milo yote ikisharudi na uzani ukatulia kwa wiki mbili, andika namba hiyo kwenye daftari. Huo ndio msingi wako. Kisha weka mstari kilo 2 juu yake. Ukiwa chini ya mstari, endelea na maisha. Ukiuvuka, usingoje Januari. Rudi wiki hiyo hiyo kwenye sahani yako, acha vitafunio na vinywaji vya sukari, ongeza kutembea, hadi urudi chini. Kilo 2 huondoka kwa urahisi. Kilo 12 zinataka mlo mwingine wa kujinyima, nawe umeshaona gharama yake.

Hatua ya nne: tembea, na utumie misuli

Mazoezi peke yake hayapunguzi uzani kwa wingi, lakini kwa kazi ya kuulinda yana nguvu sana. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki. Anayelinda uzani uliopungua ajaribu kukaribia hiyo 300. Si lazima uende kwenye ukumbi wa mazoezi wa kulipia. Shuka matatu steji mbili kabla ya yako. Panda ngazi. Peleka watoto shule kwa miguu. Kulima shamba, kuteka maji na kufua kwa mikono ni mazoezi kamili.

Mara mbili kwa wiki fanya kitu kinachochosha misuli: kuinuka na kukaa kwenye kiti mara 15, kusukuma ukuta kwa mikono, au kuinua mitungi midogo ya maji. Hii ndiyo njia ya kuilinda misuli isipotee. Na usingizi usiudharau. Mtu asiyelala vya kutosha huamka na njaa iliyozidi.

"Umekonda hivyo, una nini?"

Msikilizaji, kuna kizuizi ambacho vitabu vya ng'ambo havikitaji sana, lakini hapa kwetu ni kikubwa. Ukikonda, watu husema. Wengine huuliza kwa upole kama mambo nyumbani yako sawa. Wengine hunong'ona kwamba unaumwa, na ugonjwa wanaoutaja unaujua. Mama mkwe huona kwamba hulishwi vizuri. Ukienda kumwona shangazi, sahani inakuja imejaa, na kuikataa ni kumkosea heshima. Mtu mwingine huamua kunenepa tena ili tu maneno yaishe.

Jibu fupi na la heshima husaidia: "Shangazi, niko mzima kabisa. Daktari alisema shinikizo langu liko juu, na nimekwishaliteremsha. Nisaidie lisipande tena." Ukitaja shinikizo au sukari, wengi huelewa, maana ni nadra kupata familia isiyo na mmoja anayeugua. Sahani ikija, omba upakue mwenyewe, anza na mboga, kula polepole, na usifie mapishi. Mwenyeji anataka kuona umefurahi. Mara nyingi hahesabu matonge.

Na ninyi mnaoishi na mtu aliyekonda kwa kujinyima, msimpikie peke yake. Ile sahani ya nusu mboga inamfaa baba, mama na watoto pia. Anayekula peke yake chakula cha pembeni, huku wengine wakimega chapati mbele yake, hawezi kudumu.

Kuhusu dawa

Ikiwa unatumia dawa za kisukari au za shinikizo, sikiliza hapa kwa makini. Usianze mlo mkali bila kumwambia daktari, hasa ukidunga insulini au ukimeza vidonge kama glibenklamidi, kwa sababu sukari inaweza kushuka kupita kiasi ukazimia. Dawa ikipunguzwa kwa sababu umekonda, jua kwamba imepunguzwa kwa uzani huo mpya. Uzani ukirudi, rudi kliniki upimwe upya. Na hata uzani usiporudi, pima shinikizo na sukari kama ulivyopangiwa. Usijiachishe dawa mwenyewe.

Siku hizi kuna pia sindano za kupunguza uzani, kama zile zenye dawa ya semaglutidi. Zinafanya kazi, lakini nazo zina mlango wa kutokea. Utafiti uliotangazwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba mwaka mmoja baada ya kuacha sindano hizo, watu walikuwa wamerudisha theluthi mbili ya uzani waliopunguza. Zitumiwe kwa maagizo ya daktari pekee, na mazungumzo juu ya siku ya kuziacha yafanyike kabla ya sindano ya kwanza. Ama zile chai za kukondesha zinazouzwa mitaani, nyingi hukufanya uharishe au ukojoe sana. Unachopoteza ni maji na chumvi za mwili.

Kuna watu ambao hawafai kujinyima kabisa: mama mjamzito, anayenyonyesha, mtoto anayekua, na mtu aliye katika matibabu ya kifua kikuu. Na kama unakonda bila kujaribu kukonda, huo si ushindi. Nenda hospitali upimwe.

Ukiteleza

Utateleza, msikilizaji. Desemba itafika, mtasafiri kwenda mashambani, mbuzi atachinjwa na mandazi yatapikwa kwa karai. Kula na watu wako. Siku moja ya sherehe haiharibu kazi ya miezi mitatu. Kinachoiharibu ni kusema, "Nimeshaharibu, nitaanza tena mwaka ujao." Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mlo unaofuata ndio nafasi yako ya kurudi.

Na ukiona umezilinda kilo 5 kati ya 10 ulizopunguza, usijihesabu kuwa umeshindwa. Kilo 5 zilizokaa mbali kwa miaka mitano zinausaidia moyo wako kuliko kilo 15 zilizokwenda na kurudi ndani ya mwaka mmoja.

Ya kukumbuka

- Uzani hurudi kwa sababu mwili unajitetea: njaa huongezeka na matumizi ya nguvu hupungua. Si aibu yako.
- Panga namna ya kutoka kwenye mlo wa kujinyima kabla ya kuuanza. Rudisha chakula kwa wiki 4 hadi 8.
- Nusu ya sahani mboga, robo chakula cha kujenga mwili, robo ugali au wanga mwingine.
- Jipime kila wiki. Ukipita mstari wa kilo 2, chukua hatua wiki hiyo hiyo.
- Tembea kila siku, na uitumie misuli yako mara mbili kwa wiki.
- Mwenye kisukari au shinikizo la damu asibadilishe mlo wala dawa bila kumwona daktari.

Muda wetu umekwisha, msikilizaji mpendwa. Kabla hujazima redio, fikiria kitu kimoja tu katika haya unachoweza kukifanya kuanzia kesho, na ukifanye hicho. Mengine yatafuata.